Lumbesa, Umri na Maumivu ya Kiuno

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa vita kwa sababu inampunja mkulima. Mchukuzi anayelipandisha gunia hilo kwenye lori hatajwi sana, ingawa mara nyingi linapita kilo 100. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apungukiwe sana na hapo.

Kiuno kina pingili tano, yaani mifupa ya uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili ipo diski, yenye ute uliojaa maji katikati na pete ngumu ya nyuzi kuuzunguka. Diski mbili za chini kabisa ndizo zinazoelemewa zaidi, na ndizo tunazozikuta zimepasuka mara kwa mara. Ikichanika, diski hupona taratibu kwa kuwa haifikiwi na damu ya kutosha.

Umri nao unafanya kazi yake. Maji hupungua, diski hunywea, pingili husogeleana na kuota vinundu pembezoni. Kwa baadhi ya wazee njia ya mishipa ya fahamu hubana. Akitembea kidogo miguu inakufa ganzi, akikaa au kuinama anapata nafuu.

Hata hivyo, usitishwe na picha ya mgongo ya hospitali peke yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia watu wasioumwa mgongo kabisa: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kumwambia mgonjwa "mgongo wako umekwisha" kwa sababu ya picha ni kumwonea.

Mzigo ukiwa mbali na kifua, misuli ya mgongo huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mzigo mara kadhaa, na diski ndiyo inayokandamizwa. Kuinama huku unajipinda ni kubaya zaidi. Zungusha miguu, kiuno kifuate. Tunawafundisha watu kukunja magoti, sawa, lakini mbele ya kilo 100 somo hilo halina msaada mkubwa. Anayelipwa kwa gunia hana muda wa kupanga miguu. Mwenye mzigo afungashe vifurushi vidogo, alete toroli, aweke watu wawili.

Kiuno kikikaza ghafla, usijilaze wiki nzima. Tembea kadiri unavyoweza. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache.

Ukishindwa kukojoa, haja ikikutoka bila kujijua, ukafa ganzi sehemu za siri au mguu ukalegea, fika hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yapimwe kifua kikuu, hata kama hukohoi: ugonjwa huo hushambulia pingili pia, na una dawa.