Je, wajua kwa nini kuna bega bandia linalowekwa kinyume?

Weka kiganja cha kushoto juu ya bega la kulia, kisha inua mkono wa kulia pembeni. Nyama nene unayoisikia ikikaza ni msuli wa deltoidi. Wengi hudhani ndio unaofanya kazi yote. Chini yake kuna misuli mingine minne, midogo, inayotoka kwenye kombe la bega, yaani mfupa bapa wa nyuma ya bega, na kukishika kichwa cha mfupa wa mkono kwa kano zake. Bila hiyo minne, deltoidi haifai kitu, kwa sababu kichwa cha mfupa ni kikubwa na cha duara, ilhali kishimo cha kombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina: kama yai juu ya kijiko.

Kano hizo zikichanika zote, deltoidi inapovuta, mkono hauinuki. Kichwa cha mfupa ndicho kinachopanda na kusuguana na mfupa ulio juu yake. Mgonjwa anajikaza kweli kweli, bega zima linapanda kuelekea sikioni, lakini kiwiko kinabaki karibu na mbavu. Miaka ikienda, gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, linalika, na usiku hawezi kulalia upande huo kwa maumivu.

Mtu atauliza, kwa nini asiwekewe tu bega bandia la kawaida, lenye kichwa cha chuma na kishimo cha plastiki? Kwa sababu hilo nalo linategemea kano zilezile. Zisipokuwepo, kichwa kipya kitapanda kama kile cha zamani, na kila kikipanda kitakiyumbisha kishimo hadi kilegee.

Dawa yake ni kubadilishana nafasi. Tufe linahamia kwenye kombe la bega, na kikombe kinakaa juu ya mfupa wa mkono. Miaka ya 1970 madaktari kadhaa walijaribu hivyo wakashindwa, kwa kuwa tufe lilijitokeza mbali na mfupa, na kila mkono ulipoinuliwa skrubu zilivutwa mpaka zikalegea. Aliyelitatua ni daktari Mfaransa, Paul Grammont wa Dijon, mwaka 1985. Alitumia tufe kubwa lisilo na shingo, lililokaa moja kwa moja kwenye mfupa, na akasogeza kitovu cha mzunguko, yaani nukta ambayo mkono huizunguka, ndani na chini. Hapo ndipo penye werevu wote, kwa maoni yangu. Mkono ukishuka kidogo, deltoidi inanyooshwa na kukaza. Kitovu kikiingia ndani, nyuzi zake nyingi zaidi zinapata nguvu ya kuinua. Msuli mmoja unabeba kazi iliyokuwa ya mitano, na kichwa cha mfupa hakina tena pa kupandia.

Matokeo yanafuata hesabu hiyo hiyo. Maumivu hupungua sana, na hilo ndilo wagonjwa wengi hulishukuru kwanza. Mtu aliyeshindwa kufikisha kiganja usawa wa bega mara nyingi huweza kuchana nywele na kufikia rafu ya juu. Katika tafiti nyingi, zaidi ya mabega 90 kati ya 100 huwa bado yamo mwilini baada ya miaka 10. Ndiyo maana siku hizi upasuaji huu hufanyiwa pia wazee ambao kichwa cha mfupa kimevunjika vipande vipande, na watu ambao bega bandia la kwanza limeharibika.

Kuzungusha ni habari nyingine. Deltoidi huinua vizuri, lakini haiwezi kuugeuza mkono kama zile kano zilivyofanya. Kupeleka mkono mgongoni, yaani kufunga sidiria, kuchomeka shati nyuma au kujisafisha chooni, mara nyingi hubaki kugumu. Mtu anayefanyiwa mkono anaoutumia kwa shughuli hizo anastahili kuambiwa hilo waziwazi kabla ya kisu, si baada yake. Tena, deltoidi au neva yake ikiwa imekufa, upasuaji huu haufai, maana hakuna kitakachoinua.

Hatari zipo: maambukizi, tufe na kikombe kuachana, neva kuumia, au mfupa wa juu ya bega kupata ufa kwa sababu ya mvuto mpya wa deltoidi. Baada ya upasuaji mkono hukaa kwenye kitambaa cha kuuning'iniza kwa wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya mbili na sita, huku mazoezi yakiongezwa polepole. Maendeleo huendelea kuonekana hadi mwaka mzima. Wiki za mwanzo jambo la kuogopa zaidi ni kuinuka kitini kwa kujisukuma na mkono uliopasuliwa ukiwa nyuma ya mwili. Mkao huo ndio unaoweza kulichomoa bega jipya, kwa hiyo ainuke kwa miguu na kwa ule mkono mwingine.