Oili Kuzidi Hakuilindi Injini

Hapa Pemba, mwenye pikipiki mpya huambiwa aijaze oili kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, eti injini isichoke. Si kweli. Oili ikizidi, kranki, mhimili unaozunguka ndani ya injini, huichapa mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi vyuma. Nyingine husukumwa hadi kwenye chujio la hewa.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye kupima. Pikipiki imelalia stendi ya pembeni, oili imekimbilia kushoto, kijiti kipo kulia: kinaonesha pungufu, mtu anamimina. Isimamishe wima, penye usawa. Iwashe dakika chache, izime, subiri dakika 2 au 3. Futa kijiti, kichomeke. Pikipiki nyingi hupimwa bila kukikaza, lakini fuata kitabu chake. Oili ikiwa kati ya alama mbili, usiongeze.