Siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali

Bahasha huwa ya kaki. Ndani mna karatasi mbili tatu, na kichwa kimepigiwa mstari: notisi ya siku tisini ya kusudio la kuishtaki Serikali. Wengi wanadhani kazi ya wakili wa Serikali inaanza pale wanapomwona amesimama na joho mbele ya jaji. Kwetu inaanza kwenye bahasha hiyo, na kitu cha kwanza kutazamwa ni tarehe ya mhuri wa masijala.

Niseme kwanza sisi ni akina nani, maana jina linachanganya. Hapa Tanzania, tangu Februari 2018 majukumu yaligawanywa. Kesi za jinai ziko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kwenye Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mashauri ya madai, ya katiba na haki za binadamu, pamoja na usuluhishi wa migogoro ya mikataba, yako Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na hao ndio sisi. Mwanasheria Mkuu amebaki mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Kwa hiyo mwenye ndugu aliyeshikwa polisi, akija kwetu, tutamwelekeza mlango mwingine.

Notisi yenyewe inatoka kwenye Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, iliyotungwa mwaka 1967. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye dai aiandikie wizara, idara au afisa anayehusika, aeleze msingi wa dai lake, na nakala imfikie Mwanasheria Mkuu. Kisha asubiri siku zisizopungua 90. Muda huo ukipita ndipo anafungua shauri Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima awe mmoja wa wadaiwa. Akimwacha, shauri limeharibika tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo wananchi wanapoumia, na sioni haya kulisema ingawa mimi niko upande wa pili wa meza. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua mkono wa sheria hii hadi kwenye mamlaka za serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma. Mzee ana ugomvi wa shamba na halmashauri ya kijiji. Anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama jirani yake alivyofanya miaka kumi iliyopita. Analeta mashahidi, baraza linakwenda kukagua mipaka, anashinda. Kwenye rufaa linaibuka swali: notisi iko wapi, na Mwanasheria Mkuu mbona hakuunganishwa? Mwenendo wote unafutwa. Shamba lipo palepale, mipaka ipo palepale, na mzee anaambiwa aanze upya. Wakili wa Serikali anapoweka pingamizi la awali la namna hiyo, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri liondolewe kabla ya kusikilizwa, si kwamba anamkomoa mtu. Mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kupewa mamlaka kwa ukimya wetu. Ila tunajua nauli alizokwishatumia.

Sasa hizo siku 90 sisi tunafanya nini? Tunatafuta faili. Nasema tunatafuta kwa sababu ndicho kinachokula muda. Nakumbuka dai moja la mkandarasi aliyedai hajalipwa hati mbili za malipo ya barabara. Taasisi husika ilituletea majibu ya ukurasa mmoja: madai hayana msingi. Tukauliza, msingi haupo kwa ushahidi gani? Mhandisi aliyesimamia kazi alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Mihtasari ya vikao vya eneo la kazi ilikuwa nusu. Kitabu cha vipimo, ambacho ndicho kinaonyesha kifusi kiasi gani kimeshindiliwa na kipande gani, hakikuonekana wiki tatu. Kilikuja kupatikana nyuma ya mashine mbovu ya kudurufu, kimefungwa kamba ya katani pamoja na risiti za mafuta.

Tulipompigia mstaafu yule simu alicheka. Akasema, "Wakili, ukurasa wenye doa la chai, hapo ndipo ugomvi ulipo." Na kweli. Hati ya kwanza ilikuwa na vipimo vilivyosainiwa na pande zote mbili, kazi imefanyika, deni ni halali. Ya pili ilidai karavati ambalo kitabu hakikulitaja popote. Ushauri wetu ukawa hivyohivyo: lipeni hii, kataeni ile. Mteja wetu, yaani taasisi ile, hakufurahi. Alitaka tukapambane na hati zote mbili, kana kwamba wakili wa Serikali ameajiriwa kukana. Lakini fedha ya kulipa deni, na ya kulipa gharama za shauri ukishashindwa, inatoka mfuko uleule wa umma. Zikiwa zimebaki siku kumi na tano hivi notisi iishe, pande zote zilikaa mezani na mkandarasi akaliachia dai la karavati.

Mazungumzo yakishindikana, saa inaanza kugonga upande wetu. Kanuni za kawaida za mwenendo wa madai zinampa mdaiwa siku 21 tangu apokee wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Faili ambalo halikupatikana ndani ya siku 90 halipatikani kirahisi ndani ya 21.

Na mwananchi akishinda, dalali wa mahakama hawezi kwenda kukamata gari la wizara na kulipiga mnada. Sheria imezuia kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu, kwa mali ya Serikali. Mshindi anachukua hati ya mahakama inayothibitisha kiasi anachostahili, inapelekwa Serikalini, na afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, ndiye mwenye wajibu wa kulipa. Utaratibu huu una mantiki yake, hospitali haiwezi kubaki bila gari la wagonjwa kwa deni la wizara, ingawa mwenye hukumu mkononi ana haki ya kuuona mrefu.

Ukileta notisi, njoo na nakala yako igongwe mhuri hapohapo dirishani, tarehe isomeke. Karani akisema acha tu tutagonga baadaye, kaa kwenye benchi usubiri.