Klabu ya parokia ni nini? Tuiangalie Ballyhale Shamrocks ya Ireland

Halingi ni mchezo wa jadi wa Ireland, unaochezwa kwa gongo la mbao na mpira mdogo mgumu. Katika mchezo huo, klabu ya parokia ni timu ya watu wa eneo moja la parokia. Mchezaji huichezea kwa sababu kwao ni hapo: amezaliwa hapo, amesoma hapo, au anaishi hapo. Hakununuliwa na halipwi mshahara. Mchana yuko kazini kwake, awe mkulima, mwalimu au karani wa benki. Jioni yuko mazoezini. Mwisho wa juma anaingia uwanjani. Parokia inayosemwa ni ile ile ya Kanisa Katoliki, lakini kwenye michezo inatumika kama mpaka wa ardhi tu. Kuvaa jezi hakumtaki mtu awe Mkatoliki.

Kwa sisi tuliozoea dirisha la usajili, Simba na Yanga wakiviziana mpaka usiku wa mwisho, utaratibu huu unaweza kuonekana kama wa timu za mtaani. Sivyo. Hizi ndizo klabu zinazotoa wachezaji wote wakubwa wa nchi hiyo, na fainali ya ubingwa wao huchezwa Croke Park, Dublin, uwanja unaoingiza watu 82,300. Mtu anaweza kuhama klabu, ila kwa kawaida lazima kwanza ahamishe makazi yake, kisha aombe kibali kwa kamati ya kaunti. Ukali wa sheria hiyo hutofautiana kaunti kwa kaunti. Kilkenny, kusini mashariki mwa nchi, ni miongoni mwa zile zinazoishika sana.

Utaratibu ulianza na GAA, yaani Chama cha Michezo ya Kigaeli. Kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, wakiongozwa na Michael Cusack na Maurice Davin. Ireland ilikuwa chini ya Waingereza, na michezo ya Kiingereza ilikuwa ikienea kwa kasi. Chama kilitaka kuiokoa ile ya wenyeji. Mashambani hakukuwa na haja ya kuchora mipaka mipya, maana parokia ilikuwepo tayari, kila mtu akijua yake inaanzia wapi na inaishia kwenye mto gani. Askofu Mkuu Thomas Croke alikubali kuwa mlezi wa chama, na uwanja wa Croke Park umepewa jina lake.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi, maana bila hili matokeo hayatasomeka. Kila upande una watu 15, na mechi ya klabu ni dakika 60. Gongo ni la mti wa eshi, bapa upande wa chini. Mpira unaweza kupigwa ukiwa chini au hewani, kudakwa kwa mkono, hata kubebwa juu ya gongo huku mtu akikimbia. Aliyezoea mpira wa magongo aziweke kando sheria zake. Milingoti ya goli ni mirefu, ina mwamba katikati: mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, nalo ni pointi 3, ukipita juu yake ni pointi 1. Matokeo huandikwa magoli kwanza, kisha pointi. Kwa hiyo 1-15 ni goli moja na pointi 15, jumla 18.

Sasa Ballyhale. Ni kijiji kidogo kusini mwa kaunti ya Kilkenny. Jirani zake ni Knocktopher na Knockmoylan, na vyote vitatu vimo ndani ya parokia moja. Mwaka 1972 waliacha kugawana vijana na kuunda klabu moja, Ballyhale Shamrocks, jezi ya kijani na nyeupe. Miaka sita baadaye, 1978, walitwaa ubingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza. Ukizingatia kwamba Kilkenny ndiyo kaunti yenye mataji mengi kuliko zote ya Ireland nzima, kushinda ndani yake si jambo dogo.

Ngazi ziko hivi: bingwa wa kaunti hupanda kwenye ubingwa wa jimbo, na Kilkenny iko jimbo la Leinster; bingwa wa jimbo huingia hatua za mwisho za ubingwa wa klabu wa Ireland nzima, mashindano yaliyoanza msimu wa 1970-71. Mwaka 1981 Ballyhale ilifika fainali na kukutana na St Finbarr's, klabu ya jijini Cork, yenye mtaa mkubwa nyuma yake. Ballyhale ilishinda 1-15 kwa 1-11. Lakini matokeo siyo yanayokumbukwa zaidi. Siku hiyo walicheza ndugu saba wa tumbo moja: Michael, Ger, Kevin, Brendan, Liam, Seán na Dermot Fennelly. Karibu nusu ya timu imetoka nyumba moja! Sijui mahali pengine pa kuielewa klabu ya parokia kwa haraka kuliko kwenye orodha hiyo ya majina. Huna skauti, huna fedha ya usajili. Una watoto waliozaliwa kwenu, na kuna mwaka wanazaliwa wanaocheza, na kuna mwaka hawazaliwi.

Kombe lilirudi kijijini 1984 na 1990. Kisha ukame. Baada ya ubingwa wa kaunti wa 1991, Ballyhale haikuupata tena hadi 2006, miaka 15 mizima. Klabu ya kununua wachezaji ingefukuza kocha na kuleta washambuliaji watatu. Klabu ya parokia inasubiri watoto wakue, na wakati huo inafundisha walio shule ya msingi. Kazi hiyo haionekani kwenye orodha ya mataji: kufua jezi, kuendesha magari ya kupeleka watoto kwenye mechi, kuuza tiketi za bahati nasibu ya klabu ili taa za uwanja zilipiwe. Wanaoifanya ni wazazi na wachezaji wa zamani, nao hawalipwi.

Mmoja wa watoto waliokuwa wakikua miaka hiyo ni Henry Shefflin, ambaye wazazi wake walikuwa na baa hapo hapo kijijini. Huyu ndiye mchezaji wa kwanza kushinda mataji 10 ya Ireland nzima uwanjani akiwa na timu ya kaunti ya Kilkenny, kati ya 2000 na 2014, na mara tatu alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka: 2002, 2006 na 2012. Hapa kuna jambo linalowachanganya wageni. Mchezaji hodari ana timu mbili. Klabu ya parokia ni yake ya maisha. Timu ya kaunti humwita akiwa kwenye kiwango, kama timu ya taifa inavyoita wachezaji kwetu. Naye huko kwenye kaunti halipwi mshahara vilevile. Siku kaunti ikimwacha, anabaki na klabu. Shefflin alibeba kombe la klabu la Ireland nzima tarehe 17 Machi 2015, wakati Ballyhale ilipoifunga Kilmallock 1-18 kwa 1-6, na siku chache baadaye akatangaza kustaafu timu ya kaunti.

Kilkenny ina desturi nyingine inayoonyesha uzito wa klabu: kwa miaka mingi, klabu bingwa ya kaunti ndiyo iliyokuwa ikitoa nahodha wa timu ya kaunti kwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo unaweza kuyasoma mataji ya Ballyhale kwenye majina ya manahodha wa Kilkenny walioshinda ubingwa wa Ireland. Ger Fennelly, 1979. Liam Fennelly, 1983 na tena 1992. Halafu wanakuja watatu mfululizo: Henry Shefflin 2007, James Fitzpatrick 2008, Michael Fennelly 2009. Joey Holden, 2015. Mataji saba ya timu ya kaunti, na kila mara nahodha ametoka parokia ile ile. Huyo Michael wa 2009 si yule wa 1981. Ni mwanawe, na mwaka 2011 akawa mchezaji bora wa nchi.

Kizazi hicho kilileta makombe ya klabu ya 2007, 2010 na 2015. Kisha Shefflin, sasa akiwa kocha, akaongeza mawili. Mwaka 2019 waliwafunga St Thomas' wa Galway 2-28 kwa 2-11, fainali iliyokwisha mapema mno kwa mtazamaji asiye na upande. Januari 2020 waliwapiga Borris-Ileigh wa Tipperary 0-18 kwa 0-15, na hiyo ilikuwa ngumu. Mwaka 2021 hapakuwa na fainali kwa sababu ya Korona.

Yaliyotokea 2022 ndiyo ninayopenda kuyasimulia. Kwenye nusu fainali, St Thomas' walikuwa mbele, muda umeyoyoma, Ballyhale wakapata mpira wa adhabu. TJ Reid, mchezaji bora wa nchi wa 2015, akaupiga kwa nguvu ukapenya ukuta wa magongo na kuzama golini. Wakashinda kwa pointi moja. Wakaenda fainali dhidi ya Ballygunner wa Waterford, na huko wakatendewa yale yale: dakika za nyongeza, Ballyhale wakiongoza kwa pointi mbili, Harry Ruddle akaachia mkwaju kutoka mbali ukatinga wavuni. Ballygunner 2-17, Ballyhale 1-19. Piga hesabu: 23 kwa 22. Msimu uliofuata wakakutana tena kwenye nusu fainali, safari hii Ballyhale wakapita, na Januari 2023 wakawafunga Dunloy wa Antrim 1-22 kwa 1-15. Hilo lilikuwa kombe la tisa. Hakuna klabu yenye mengi hivyo. Zinazofuata, Birr na Portumna, zina manne kila moja.

Kuna wanaoisimulia Ballyhale kama ushahidi kwamba utaratibu wa parokia ni wa haki. Mimi nasita. Parokia za Kilkenny zinafuata sheria hizo hizo, zinafundisha watoto kwa bidii hiyo hiyo, na nyingi hazijawahi hata kunusa fainali ya kaunti. Nyumba ya Fennelly haikupangwa na kamati yoyote. Wakaja akina Reid, nao ndugu kadhaa. Mchezaji mwenye kipaji aliyezaliwa parokia dhaifu atacheza daraja la chini maisha yake yote, labda aonekane tu kaunti ikimwita. Utaratibu huu haumpi kila mtu nafasi sawa ya kushinda. Unachozuia ni fedha kuamua mshindi, na hilo ni jambo jingine.

Tena unaumia pale watu wanapohama. Vijana wa vijijini wanakwenda Dublin kutafuta kazi, au wanavuka bahari hadi Australia na Marekani, na klabu haina pa kutafuta mbadala. Zipo parokia ambazo watoto wa rika moja hawatoshi kuunda timu, na huungana na jirani, hasa kwa timu za vijana. Wazee hupinga sana, kwa sababu jirani huyo ndiye mtani wa jadi. Na Ballyhale Shamrocks wenyewe walizaliwa kwa muungano wa namna hiyo, vijiji vitatu vilivyokubali kuvua jezi zao.

Anayehamia hapo leo kutoka nje hasubiri kizazi kizima ili akubalike. Mtoto huandikishwa kwenye kundi la wadogo, hupewa gongo fupi na kofia ngumu yenye kinga ya uso, ambayo tangu 2010 ni lazima kwa wachezaji wote. Mzazi naye, kabla hajajua vizuri mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi ngapi, atakuta jina lake kwenye zamu ya magari ya Jumamosi.