Uwele si mtama mdogo

Kila Desemba, mvua ikianza kunukia Dodoma, simu huanza kuita. "Bibi shamba, mbegu ya mtama mdogo ipo?" Namwuliza suke lake likoje. Akiniambia ni refu, limeshikamana kama mkia wa paka, basi anautaka uwele, na hapo namwomba tuliite zao kwa jina lake.

Tofauti yake na mtama iko kwenye ua. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe. Ua la uwele hutanguliza sehemu ya kike kabla ya chavua yake, kwa hiyo hupokea chavua ya shamba la jirani. Panda Okoa, mbegu bora ya uwele, kando ya uwele wa kienyeji, ubakize mbegu: msimu ujao huvuni tena Okoa halisi.

Jina nalo ni la zamani, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Penye "ba" ya Kibantu cha kale, Kiswahili mara nyingi kina "wa". Wazulu husema abantu, sisi watu. Wao amabele, sisi mawele. Wakikuyu wana mwere. Lakini amabele ya Wazulu ni mtama, na mawere ya Wachewa ni ulezi! Watu walihama na neno, wakalivika nafaka iliyostawi walikofikia. Uwele wenyewe asili yake ni Afrika Magharibi; huko Mali umepatikana ukiwa umelimwa tangu miaka 4,500 hivi iliyopita. Jina shayiri tumelipokea kutoka Kiarabu. Jina uwele hatukuliazima kwa mtu.

Matumizi mnayajua: ugali kwa mlenda, uji, togwa, kimea cha pombe. Mkate wa uwele mtupu hauumuki vizuri kwa kuwa hauna gluteni, ile protini ya ngano inayofanya kinyunga kivutike; changanya na ngano.

Ila unga, tafadhali, msiuweke akiba. Kiini cha punje ya uwele, ile sehemu inayochipua, ni kikubwa na kina mafuta mengi. Ukishasagwa, mafuta hayo hukutana na hewa, na ndani ya siku chache unga unanuka na kuwa mchungu. Wengi huilaumu mbegu, au mashine. Punje nzima iliyokauka vizuri hukaa miezi. Mimi hupeleka mashineni kilo mbili tu, za wiki, zilizobaki naziacha kwenye gunia.