Vumbi la Mgodini, Maziwa na Kifua Kikuu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika machimbo ya tanzanaiti ya Mererani, wilayani Simanjiro, na kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya dhahabu ya Geita, mchimbaji mgeni hachelewi kupewa ushauri huu: ukitoka chini, kunywa maziwa yakusafishe kifua. Wanaousema wanautoa kwa nia njema, na wako wenye migodi wanaogawa maziwa wakiamini kwamba kwa kufanya hivyo wamekwisha kulinda afya za vijana wao. Lakini maziwa hupita kwenye umio na kuingia tumboni, ilhali vumbi lililovutwa kwa pumzi limeshashuka mapafuni, na njia hizo mbili zikishatengana kooni hazikutani tena. Maziwa ni chakula kizuri kwa mtu anayefanya kazi nzito, ila hayaondoi hata chembe moja ya vumbi kifuani. Pombe kali, ambayo wengine huinywa kwa imani hiyohiyo, haiondoi pia.

Miamba mingi inayobeba dhahabu na vito ina madini ya silika, na mwamba huo unapochorongwa, yaani kutobolewa kwa mashine, kulipuliwa kwa baruti au kusagwa kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe, silika hugeuka kuwa chembe ndogo mno. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, na ndizo mchimbaji anazoziona anapotema makohozi meusi, hasa Mererani ambako mwamba una madini meusi ya kinywe (grafiti), akadhani kifua kimesafishika. Zile zenye upana wa chini ya mikromita 5, wakati unywele mmoja una mikromita 70 hivi, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Huko humezwa na seli za ulinzi wa mwili, lakini seli hizo haziwezi kuyeyusha jiwe: hufa, huachia kemikali zinazoleta uvimbe, na chembe ileile humezwa na seli nyingine. Mzunguko huo huacha makovu, na pafu lenye makovu halitanuki wala halipitishi hewa inavyotakiwa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na mpaka sasa hauna dawa ya kuuponya.

Kwa sababu hiyo, kusubiri wingu la vumbi litulie machoni baada ya mlipuko si kipimo cha usalama. Chembe zinazoua hazionekani, na huelea hewani kwa saa nyingi baada ya vumbi zito kutua, hasa kwenye shimo refu lisilopitisha upepo.

Kitambaa kilichofungwa usoni, hata kikiloweshwa maji, hakizuii chembe hizo. Barakoa ya hospitali nayo haitoshi, kwa kuwa huacha nafasi pembeni mwa mashavu na hewa hufuata njia iliyo rahisi. Iko barakoa maalumu ya vumbi inayobana uso na kuchuja chembe ndogo, na hiyo husaidia ikiwa inamkaa mvaaji sawasawa, hana ndevu zinazoiinua, na hubadilishwa inapochakaa. Hata hivyo, mtu anayechoronga kwenye joto la chini ya ardhi hawezi kukaa nayo zamu nzima bila kuivua, na ndiyo maana wataalamu wa usalama kazini huihesabu kuwa kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni maji: mashine ya kuchoronga inayopeleka maji kwenye ncha yake hulikamata vumbi pale linapozaliwa, na mwamba uliolipuliwa ukimwagiwa maji kabla ya kupakiwa haufuki. Wenye migodi husema kwamba maji ni ghali, na ni kweli kwamba Simanjiro ni nchi kame. Lakini fedha za kompresa na baruti hupatikana, na kwa maoni yangu maji ya kuchorongea yanastahili kuhesabiwa pamoja nazo, kama gharama ambayo bila hiyo kazi haianzi.

Wako vijana wanaojipa moyo kwamba ugonjwa huu ni wa wazee, na kwamba wakipata jiwe la kuwatoa kimaisha wataacha kazi na kifua kitajirudi chenyewe. Ni kweli kwamba silikosisi ya kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, lakini vumbi likiwa jingi sana huweza kuua mapema mno. Huko Hawks Nest, West Virginia, Marekani, uchimbaji wa handaki ulioanza mwaka 1930 ulipita kwenye mwamba wenye silika nyingi, ukachorongwa bila maji. Mamia ya wafanyakazi, wengi wao Wamarekani weusi, walikufa, baadhi baada ya kufanya kazi kwa miezi tu. Tena vumbi lililokwisha kuingia halitoki kwa sababu mtu ameacha kazi, hivyo makovu huweza kuendelea kuongezeka hata akiwa amerudi shambani kwao. Kuacha mapema kuna faida kubwa, kwa kuwa mzigo hauongezeki, ila hakufuti yaliyopita.

Linaloleta madhara makubwa zaidi, nionavyo, ni imani kwamba kila kikohozi cha mchimbaji ni kifua kikuu, na kinyume chake, kwamba ni vumbi tu na kitapita. Magonjwa haya mawili hufanana kwa kikohozi, kukonda na kuishiwa pumzi, na hata kwenye picha ya eksirei huweza kumchanganya daktari. Matokeo yake ni kwamba yupo anayerudishwa kwenye dozi ya kifua kikuu tena na tena ilhali makohozi yake hayana vijidudu. Lakini pia magonjwa haya huandamana: seli zinazouawa na silika ndizo zinazopaswa kuvizuia vijidudu vya kifua kikuu, kwa hiyo mwenye silikosisi huugua kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na akiwa na VVU hatari hizo mbili huzidishana. Mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili apimwe makohozi, na amweleze daktari bila kuficha ni miaka mingapi amechoronga na kwa njia gani. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, iliyoanza mwaka 1926 kwa wagonjwa wa kifua kikuu, haiko mbali sana na Mererani.

Kumtengea mwenzao mwenye kifua kikuu sahani na kikombe hakuwasaidii wachimbaji, maana kifua kikuu huenea kwa hewa, ndani ya shimo na vyumba vilivyosongamana. Dawa hutolewa bure, na mgonjwa ambaye vijidudu vyake vinasikia dawa huacha kuambukiza muda si mrefu baada ya kuanza matibabu, hivyo kumfukuza kazi moja kwa moja hakuna msingi wa kitabibu.

Kuhusu fidia, wengi huamini kwamba hulipwa aliyeangukiwa na mwamba tu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua pia magonjwa yanayotokana na kazi. Tatizo ni kwamba wanaapolo wengi, yaani vijana wanaochimba katika migodi ya wengine, hufanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, wakingoja mgao wa jiwe, na asiye na ushahidi wa ajira hupata taabu kudai. Jina kwenye daftari la mgodi, mkataba hata wa ukurasa mmoja, na kazi ya mtu kuandikwa kwenye faili lake la hospitali ni karatasi za kutafutwa kifua kingali kizima.