Dawa ya Kukomaza Miwa Haitii Sukari Ndani ya Muwa

Iringa na Mbeya, kama kwingineko nchini, wapo wanaoamini tangu zamani kwamba dawa inayopuliziwa mashamba makubwa ya miwa kabla ya mavuno huingiza utamu ndani ya muwa. Imani hiyo si sahihi. Sukari iliyomo katika muwa hutengenezwa na majani kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Dawa yenyewe haitii hata chembe.

Dawa kama etefoni, au glaifosati katika kipimo kidogo mno kuliko kile cha kuulia magugu, hupunguza kasi ya ukuaji wa mmea, na hivyo sukari ambayo ingetumika kurefusha shina na kuchipua majani mapya hubaki imehifadhiwa kwenye pingili, hasa zile za juu ambazo kwa kawaida huchelewa kukomaa. Baridi na ukavu wa Juni na Julai huku nyanda za juu hufanya kazi hiyo hiyo bila malipo, na ndiyo sababu dawa huhitajiwa zaidi penye joto na unyevu, ambako muwa hauachi kurefuka.

Muwa uliokwisha kudumazwa na ukame, au uliokomaa tayari, haunufaiki sana. Wala si kweli kwamba ukishapulizia unaweza kuvuna upendapo: mavuno hupangwa wiki kadhaa baadaye, kulingana na dawa iliyotumika, na ukipitiliza, sukari huanza kupungua, huku glaifosati ikiweza kudhoofisha machipukizi ya msimu unaofuata.